Mfuko wa kustaafu wa watu 9, milioni 68.4: tuuwekeze wapi kabla wa kwanza hajaondoka 2029?

MwekaHazina_Igombe

Wakuu, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri wa wanaoijua mifuko midogo ya kustaafu inayosimamiwa na wanachama wenyewe.

Mfuko ni wa karakana ya kuunda na kukarabati boti hapa Igombe, Mwanza. Wanachama ni 9. Kila mmoja anakatwa 60,000 kwa mwezi na mwenye karakana anaongeza 40,000 kwa kila kichwa, hivyo zinaingia 900,000 kila mwezi. Hii ni nyongeza tu, michango ya NSSF inapelekwa kama sheria inavyotaka. Leo mfuko una 68,400,000. Kati ya hizo, 41,400,000 zimelala kwenye akaunti ya kawaida ya benki, na milioni 27 ziko fiksidi ya mwaka mmoja inayoiva baada ya miezi 2. Akaunti zote ziko kwa majina ya watu 3 tuliowachagua.

Wanaokaribia kuondoka: mmoja anatimiza miaka 60 mwaka 2029, ana akiba ya 11,200,000. Mwingine 2031, ana 9,600,000. Wa tatu 2036, ana 8,300,000. Sita waliobaki ni vijana, wa kwanza wao anastaafu 2044, na kwa pamoja wana 39,300,000.

Mapendekezo yaliyoletwa kikaoni: kununua hati fungani za Serikali (yaani kuikopesha Serikali kwa riba) za miaka 20 au 25 kwa fedha yote, kununua kiwanja kando ya ziwa, kununua mitumbwi miwili ya dagaa na injini zake, na mwenye karakana ameomba akopeshwe milioni 25 kwa ajili ya mashine, atalipa na riba. Kikao kijacho ni mwisho wa mwezi na mimi ndiye natakiwa kuja na pendekezo la maandishi. Mngepanga vipi?

Daftari_Kubwa

Mkuu, swali la wapi lisubiri kidogo. Kazi ya kwanza ni kuziondoa hizo fedha kwenye majina ya watu 3. Mmoja wao akifariki, benki itasimamisha akaunti mpaka mirathi ieleweke, na ndugu wa marehemu hawana namna ya kujua kwamba zile hazikuwa zake. Mmoja akishtakiwa kwa deni, mdai atazifuata. Na watu 3 hawawezi kushika hati fungani kwa niaba ya wenzao 6 halafu mkadai kwamba mna mfuko.

Njia inayofaa kwenu ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili na udhamini, chini ya sheria ya kusajili wadhamini, Sura ya 318. Bodi ikishasajiliwa inakuwa mtu kisheria: inamiliki mali, inafungua akaunti, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na mdhamini akifa au akiacha kazi mali haitikisiki. Mtahitaji katiba, muhtasari wa kikao kilichochagua wadhamini, na taarifa za wadhamini wenyewe. Baada ya hapo kuna marejesho ya kila mwaka RITA, msiyasahau. Kuna watakaowaambia mjisajili halmashauri kama kikundi cha daraja la nne chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Daraja hilo ni la watu kukopeshana na kuweka akiba za muda mfupi. Fedha ya uzeeni haifai kukaa humo.

Kwenye katiba, andikeni waziwazi kwamba mali ya mfuko si mali ya karakana na haishikiwi kwa madeni ya karakana. Andikeni pia kama anayeacha kazi kabla ya kustaafu anaondoka na ile 40,000 ya mwajiri au anaiacha, na mnamlipa ndani ya siku ngapi. Mifuko midogo mingi hunyamaza hapo, halafu ugomvi unakuja mtu akiwa tayari amefunga mizigo.

Jina la mfuko liandikwe kwa herufi zilezile kila mahali: hati ya usajili, TIN, akaunti ya benki, akaunti ya CDS (daftari la kielektroniki la wanaomiliki hati fungani). "Mfuko wa Kustaafu Karakana" na "Mfuko wa Kustaafu wa Karakana" ni majina mawili kwa mfumo wa benki. Hiyo "wa" moja inatosha kuirudisha kuponi, yaani riba ya hati fungani ya kila nusu mwaka, ilikotoka.

La pili ni daftari. Nikisoma ulivyoandika "ana 11,200,000", naona mnamwekea kila mtu michango yake na kumgawia riba mwisho wa mwaka. Hilo linafanya kazi fedha ikiwa benki. Mkianza kununua kitu ambacho bei yake inapanda na kushuka, mtaumizana. Tumieni vipande, kama inavyofanya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Siku ya kuanza, mfuko wa 68,400,000 ugaweni kwa kipande cha shilingi 100: mnapata vipande 684,000. Yule wa 2029 anashika vipande 112,000. Kila mwisho wa mwezi mnathamini mali yote kwa bei ya siku hiyo, mnatoa madeni na gharama, mnagawanya kwa idadi ya vipande. Tuseme baada ya miezi 6, ukiacha michango mipya, mali imefika 71,820,000. Kipande ni shilingi 105. Mchango wa 100,000 wa mwezi huo unanunua vipande 952.38, basi. Anayestaafu analipwa vipande vyake mara bei ya siku hiyo.

Bei ya siku hiyo ndiyo yenye uzito wote. Chukua mfano: mmeweka milioni 30 kwenye hati fungani ya miaka 20 yenye kuponi ya asilimia 12, mkanunua kwa bei ya 100. Baadaye riba ya soko inafika asilimia 15. Hati ileile sasa inauzika kwa karibu 81.11. Milioni 30 zenu sokoni ni 24,333,000. Mweka hazina akiendelea kuandika milioni 30 kwa sababu "tutasubiri iive", yule wa 2029, mwenye asilimia 16.4 ya mfuko, ataondoka na takriban 928,000 ambazo hazipo. Wenzake 8 ndio watazilipa bila kujua. Na bei ikiwa imepanda, yeye ndiye anayepunjwa. Kwa hiyo kabla hamjanunua chochote, kubalianeni nani anathamini, siku gani ya mwezi, na bei anaitoa wapi.

Mnada_wa_Jumatano

Daftari Kubwa amemaliza upande wa daftari. Mimi nashika hati fungani, kwa sababu ndizo zinazofaa kubeba sehemu kubwa ya mfuko huu, ila si kwa namna iliyopendekezwa kikaoni.

Utaratibu kwanza. Benki Kuu hutoa kalenda ya minada, na mnada wenyewe hufanyika Jumatano. Mnaingia kupitia benki au dalali aliyesajiliwa kama mshiriki wa CDS. Hapa mjini wapo, hakuna haja ya kusafiri Dar es Salaam. Mnafungua akaunti ya CDS kwa jina la bodi ya wadhamini: hati ya usajili, TIN, azimio la kikao linalotaja waweka saini, vitambulisho vyao vya NIDA, na namba ya akaunti ya benki ya mfuko ambako kuponi itaingia. Kiwango cha chini cha hati fungani ni shilingi 1,000,000 na nyongeza za 100,000. Cha dhamana za muda mfupi, zile za siku 35, 91, 182 na 364, ni 500,000.

Zabuni inaandikwa kwa bei ya kila shilingi 100. Ukiandika 97.50 kwa hati ya milioni 10, unalipa 9,750,000, kuponi inahesabiwa kwa milioni 10 kamili, na siku ya kuiva unarudishiwa milioni 10. Ukiandika bei ya chini sana unakosa. Ukiandika ya juu mno unapata lakini umejipunja. Kwa mfuko wa ukubwa wenu, chagueni zabuni isiyo ya ushindani: hamtaji bei, mnachukua wastani wa bei za walioshinda. Malipo ni siku inayofuata mnada, na benki nyingi hutaka fedha iwe imeshaingia kwenye akaunti kabla ya zabuni kupelekwa. Mkituma kwa kuhamisha kutoka benki nyingine Jumatano asubuhi, mmechelewa. Fedha iwepo Jumatatu.

Kuna jambo linalowachanganya wengi: hati inayofunguliwa upya (ya zamani inayorudishwa mnadani), au inayonunuliwa soko la pili (kwa mtu anayeishika tayari), unailipia na riba iliyokwisha kujikusanya. Hati ya milioni 10, kuponi asilimia 12, ukinunua siku 73 baada ya kuponi ya mwisho, unaongeza 240,000 juu ya bei. Haijapotea, inarudi kwenye kuponi ijayo. Lakini msipoiandika kama deni la kurudi, bei ya kipande itashuka mwezi ule na kuruka mwezi wa kuponi, na atakayechangia katikati atanunua kwa bei ya uongo.

Kodi: riba ya fiksidi inakatwa zuio la asilimia 10. Riba ya hati fungani za Serikali za kuanzia miaka 3, zilizotolewa na kuorodheshwa DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam) tangu Julai 2021, imesamehewa. Fiksidi ya asilimia 8 ni asilimia 7.2 mkononi, wakati kuponi ya asilimia 10 ni 10. Siku ya kununua mwombeni dalali athibitishe msamaha kwa hati ile ile mnayoinunua, kwa namba yake.

Sasa kwa nini msiweke yote miaka 20 au 25. Kuponi ni nzuri, hilo kweli. Ya miaka 25 ilipoanza 2021 ilikuwa asilimia 15.95, na ya miaka 20 ilikuwa 15.49, mwaka 2022 mpya zikashushwa hadi 12.56 na 12.10, na aliyeshika za zamani akaendelea kulipwa kiwango chake. Huo ndio utamu wa muda mrefu. Uchungu wake ni ule wa 81.11 uliooneshwa juu. Hati ya miaka 5 yenye kuponi ileile ya asilimia 12, riba ya soko ikifika 15, inashuka hadi 89.70 tu. Mnamlipa mtu 2029. Mkilazimika kuuza ya miaka 25 mwaka huo ili mumlipe, mtauza kwa bei yoyote mtakayoikuta.

Pangeni kwa tarehe. Yule wa 2029, kwa michango ya miaka 3 na faida ya asilimia 9 kwa mwaka, atahitaji kati ya milioni 18 na 19. Wa 2031 kama milioni 22. Ningeanza hivi:

Milioni 15 kwenye hati ya soko la pili inayoiva kabla ya mwezi wake wa 2029, zile za miaka 5 au 7 zilizokwisha kutembea. Milioni 15 nyingine iive kabla ya kustaafu kwa wa 2031. Angalieni mwezi, maana hati ya miaka 5 mkiinunua leo inaweza kuiva miezi 4 baada ya yeye kuondoka. Milioni 10 kwa miaka 10. Milioni 18 kwa miaka 15 na 20, kwa ajili ya vijana. Milioni 5 hisa, na 5,400,000 mfuko wa ukwasi, ule ambao fedha inatoka haraka mkiihitaji.

Hati hizi ni za mfuko wote, hakuna hati ya fulani. Ngazi hii ya tarehe za kuiva ni ya kuhakikisha fedha taslimu inakuwepo tarehe ile. Haki ya kila mtu inabaki kwenye vipande vyake. Msije mkamwambia wa 2029 kwamba hati yake imeiva.

Fiksidi ya milioni 27 msiivunje, miezi 2 si mingi na kuivunja kunapoteza riba. Anzeni na ile 41.4. Na mnada wa kwanza ingieni na milioni 1 au 2 tu, mjaribu njia nzima kuanzia saini mpaka risiti ya CDS.

MwekaHazina_Igombe

Asanteni sana wakuu, nimeanza kuandika rasimu. Mambo matatu bado yananisumbua. Moja, mwenye karakana ni mtu mwema na ndiye anayechangia 40,000. Kumkatalia milioni 25 bila hoja ni vigumu. Mbili, wa kiwanja wanasema ardhi haishuki bei. Tatu, kuponi zikiingia kila nusu mwaka tuzifanyie nini?

Nyakato_Rehani

Mkuu, la mkopo lina mfano mzuri Uingereza. Wao wana mifuko midogo kama wenu, wanachama hawafiki 12, na mara nyingi wote ni wadhamini. Sheria yao inaruhusu mfuko kumkopesha mwajiri, kwa masharti matano: mkopo usizidi nusu ya mali halisi ya mfuko, muda usizidi miaka 5, riba iwe angalau asilimia 1 juu ya wastani wa riba ya msingi ya benki kubwa sita, marejesho yawe sawa kila mwaka, mtaji na riba pamoja, na uwekwe rehani ya kwanza yenye thamani ya kutosha kufunika mkopo na riba yake. Likivunjwa sharti, fedha ile inahesabiwa kama imetolewa bila kibali na kodi yake inaanzia asilimia 40.

Hiyo ni sheria ya kwao, hapa haiwafungi. Lakini ipimeni hoja ya mwenye karakana kwa kipimo hicho. Milioni 25 ni asilimia 36.5 ya mfuko, inatimiza sharti la nusu. Kwa asilimia 14 na miaka 5, rejesho ni 7,282,000 kila mwaka. Rehani ndipo panapokwama. Mashine yenyewe haifai kuwa rehani: siku karakana ikishindwa kulipa ni siku ambayo mashine imechakaa na hakuna mnunuzi. Aweke ardhi yenye hati, rehani isajiliwe kwa Msajili wa Hati, isiwe imeshawekwa benki.

Na hata akiweka, kuna jambo ambalo rehani hailiponyi. Wanachama wenu wanategemea karakana ile kwa mshahara. Ziwa likikosa samaki msimu mbaya, oda za boti zinakauka, mshahara unayumba, na mkopo wa mfuko unayumba siku hiyohiyo. Fedha ya uzeeni inatakiwa iwe mbali na jiko linalowalisha leo. Ningemwambia kwa heshima: mzee, karakana yako ina mali ya kuweka benki, nenda benki, mfuko huu ndio utakaokuondolea wewe lawama ya wazee waliokutumikia. Daraja la nne nalo haliwasaidii hapa, kikundi kile hukopesha wanachama wake na kampuni si mwanachama.

Kiwanja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. "Kando ya ziwa" kwa lugha ya dalali wa Igombe huwa ndani ya mita hizo. Na ukingo wenyewe unatembea: mwaka 2020 ziwa lilipanda mno na maji yakaingia majumbani. Nendeni na mpima mwenye leseni, apime kutoka alama ya maji ya juu, asipime kutoka maji yalipo mwezi wa kiangazi. Tuseme kiwanja ni safi, kiko juu, kina hati, na hakina jabali la kupasua kwa baruti. Bado hakitoi chochote kila mwaka, kinadai kodi ya ardhi, na mwaka 2029 hamwezi kumkatia mstaafu kipande cha mita 8 kwa 20. Mtathamini vipi kila mwisho wa mwezi? Mthamini wa kweli anataka ada, na bei ya dalali ni maneno. Ardhi ingekuwa na nafasi kama mfuko ungekuwa wa milioni 500 na jengo lina mpangaji anayelipa. Kwa 68.4, hapana.

Mitumbwi ya dagaa sina haja ya kuichambua sana. Ile ni biashara: nahodha, wavuvi, taa, mafuta, nyavu, na siku za giza tu kwa mwezi. Mfuko unahifadhi, haufanyi biashara ya kila usiku.

Pasiansi_Hisa

Naafiki karibu yote isipokuwa milioni 5 za hisa. Ni kidogo. Vijana 6 wana miaka 18 na zaidi mbele yao na ndio wenye zaidi ya nusu ya mfuko. Fedha yao yote ikiwa kwenye kuponi isiyobadilika kwa miaka 20, mfumuko wa bei ukiamka wanaliwa taratibu. Hisa za DSE zinalipa gawio linaloweza kukua, na zuio lake ni asilimia 5 tu kwa kampuni zilizoorodheshwa. Ningeanza na milioni 12, kwa awamu za milioni 2 kila miezi 3, kampuni 4 au 5, zisiwe benki tupu.

Tahadhari ni mbili. Ada ya dalali ni asilimia 1.7 kwa miamala hadi milioni 10, na ukijumlisha tozo nyingine inafika zaidi kidogo ya 2. Kununua za milioni 2 ni zaidi ya 40,000, na kuuza vilevile. Hisa ni za kununua na kukaa. Ya pili, kuna kampuni pale zinapitisha wiki bila mnunuzi. Kabla ya kununua, tazameni taarifa za kila siku za soko kwa mwezi mzima, mhesabu siku ambazo hisa ile iliuzwa kweli. Bei inayoandikwa ubaoni bila muamala haiwasaidii siku ya kuthamini kipande.

Daftari_Kubwa

Pasiansi, hoja ya vijana naikubali, kiasi siikubali. Mfuko una sufuria moja. Wa 2029 naye anashika vipande vyenye hisa hizo, hana pa kujitenga. Milioni 12 ni asilimia 17.5; zikishuka theluthi moja mwaka wake wa mwisho, anapoteza karibu asilimia 6 ya kiinua mgongo ambacho hana muda wa kukisubiri kipone. Mkitaka vijana washike hisa zaidi, fungueni sufuria mbili: moja ya hati fungani na ukwasi, nyingine ya hisa, kila moja na bei yake ya kipande. Mwanachama anahamishwa kidogo kidogo kutoka ya hisa miaka 5 kabla ya kustaafu, robo ya vipande kila mwaka kwa miaka 4, ili mwaka wa mwisho asiwe na hisa kabisa. Kwenye karatasi ya hesabu ya kompyuta ni safu mbili tu za ziada. Bila hizo sufuria mbili, bakini milioni 5.

Pasiansi_Hisa

Sufuria mbili naafiki. Ni bora kuliko nilivyosema.

Mnada_wa_Jumatano

Mweka Hazina, jibu la kuponi. Hati za milioni 58 kwa kuponi ya wastani wa asilimia 11 zinaleta 3,190,000 kila nusu mwaka. Ongeza michango ya miezi 6, 5,400,000. Hizo ni 8,590,000, na mnada unakubali 8,500,000. Hapo ndipo mifuko midogo inapovuja: kuponi inaingia akaunti ya hundi, waweka saini hawajakutana, inakaa miezi 7 bila senti. Wekeni azimio la kudumu kwenye katiba kwamba kila kinachozidi milioni 2 kwenye akaunti kinahamia mfuko wa ukwasi ndani ya siku 5 za kazi, na kutoka hapo kinaingia mnada unaofuata. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS hauna ada ya kuingia wala kutoka, na malipo hutoka ndani ya siku 3 za kazi; kwa hiyo ombi la kutoa lipelekwe Jumatano ya wiki iliyotangulia ili fedha iwepo Jumatatu, kabla ya Jumatano ya mnada.

Hati za kampuni zipo pia, kama Kijani ya CRDB ya 2023 kwa asilimia 10.25 na ile ya Tanga UWASA ya 2024 ya miaka 10 kwa asilimia 13.5. Ya Tanga inavutia, lakini mlipaji wake ni mamlaka ya maji na si Hazina, na soko lake la pili ni jembamba. Isizidi milioni 3, na iwe ya kushika mpaka iive.

Nyakato_Rehani

Nyongeza ndogo kuhusu benki. Bima ya amana inafika 7,500,000 kwa mwekaji mmoja katika benki moja. Ile 41,400,000 na fiksidi ya 27 zikiwa benki moja, sehemu kubwa haina kinga. Wakati usajili RITA unaendelea, hamisheni walau nusu ya akaunti ya kawaida kwenye dhamana za siku 91 au ukwasi, hata kama ni kwa jina la muda. Halafu zirudi zote kwa jina la wadhamini likishatoka.

Daftari_Kubwa

Hapo kwenye "jina la muda" pana shimo. Kuhamisha hati kutoka jina moja kwenda jingine ndani ya CDS ni kazi ya fomu na ada, na kama mmoja wa watu 3 amesafiri mnakwama. Dhamana ya siku 91 sawa, inaiva yenyewe na fedha inarudi benki. Hati fungani msinunue mpaka jina la bodi limetoka. Wakati mnasubiri, kila mwanachama asaini karatasi inayoonesha akiba yake ya leo na vipande atakavyopewa, na wale 3 wasaini mbele ya wakili kiapo kwamba fedha ile wameshika kwa niaba ya wote 9, majina yote yaorodheshwe. Nakala moja iwekwe benki kwenye faili la akaunti.

MwekaHazina_Igombe

Nimeelewa. Naweka kwenye rasimu: usajili RITA na kiapo wiki hii, milioni 20 dhamana za siku 91, vipande kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao kwa shilingi 100, sufuria mbili. Swali la mwisho: ile siku ya kuthamini, bei ya hati fungani ambayo haikuuzwa mwezi mzima tunaitoa wapi?

Mnada_wa_Jumatano

Chukueni wastani wa riba wa mnada wa karibuni wa muda unaolingana na miaka iliyobaki kwenye hati yenu, siyo miaka iliyoandikwa ilipotolewa. Hati ya miaka 20 iliyobaki na miaka 14 mnaipimia kwa mnada wa miaka 15. Mkishapata riba hiyo, bei inatoka kwenye karatasi ya hesabu kwa fomula moja: kuponi za nusu mwaka zilizobaki na mtaji wa mwisho, zote zikirudishwa thamani ya leo kwa nusu ya riba hiyo. Andikeni pembeni tarehe ya mnada mliotumia. Mtu mwingine, asiye mweka hazina, arudie hesabu hiyo kwa mkono wake kabla bei ya kipande haijabandikwa.